Mchezo wa Mwisho wa Sazanuma, Maskati

Nilikwenda Maskati kwa sababu mimi ni mwanamke. Nasema hivyo mapema ili jamaa zangu wa Tanga waache kunisifu kwamba niliitwa kwa ufundi wangu. Ufundi ninao, wala sioni haya kuutaja, lakini mafundi wa kiume wenye ufundi huo wapo, na wengine wanaishi karibu na Maskati kuliko mimi. Kilichotakiwa ni mtu anayezijua bodi za umeme za kampuni ya Sazanuma ya Japani, iliyokuwa ikitengeneza zile mashine kubwa za gemu za kutumbukiza sarafu, na ambaye pia anaweza kukaa chumba kimoja na mjane aliye ndani ya eda. Wa namna hiyo alipatikana mmoja, naye ana kibanda cha kutengeneza simu na redio huko Ngamiani.

Aliyenipigia ni Nassor, mtu mzima, mtumishi wa serikali, mwenye Kiswahili cha Unguja. Baba yake alikuwa amefariki miezi mitatu na nusu nyuma. Mama yake, Bi Salma, alikuwa bado ndani: hatoki, hajitii manukato, haonani na wanaume wasio maharimu wake.

"Na ana mashine ya gemu chumbani," Nassor alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. "Ya marhumu baba. Sasa imeanza kuharibika, na mama halali. Nimemwambia nitaleta fundi, kasema mwanamme hatii mguu humu mpaka eda ishe. Tafadhali, dada, njoo."

Nikauliza ni gemu gani. Akasema haina jina, wao nyumbani wanaiita Milango. Nikavuta kigoda nikakaa. Mchezo wa mwisho wa Sazanuma haukupewa jina wala haukuwahi kuuzwa popote. Mafundi wenzangu wa mitandaoni walikuwa wakibishana kama uliwahi hata kuwepo.

Jumanne asubuhi, ndani ya ndege kutoka Dar es Salaam. Abiria wenzangu walilala, mimi nikafungua daftari langu la Sazanuma. Nimeandika humo kwa miaka mingi, kila nilichookota. Kampuni ilianzishwa na mafundi watatu walioacha kazi katika kiwanda cha mashine za kufulia. Michezo yao ilikuwa ya kimya na ya taratibu, haina bunduki. Mmoja ulifika Tanga, ukawekwa kwenye klabu ya wafanyakazi, na baba yangu, fundi redio, ndiye aliyekuwa akiitwa ulipogoma. Nilijifunza kulehemu kwenye mashine ile.

Kilichowasumbua Sazanuma ni wezi. Kila walichotoa kiliigwa upesi, kikauzwa kwa bei ya chini na watu wasiowajua. Wakaingiwa na hasira, na hasira ikawapa akili ya ajabu. Maagizo ya mchezo waliyaandika kwa siri, na ufunguo wa siri hiyo wakauweka katika kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo juu ya bodi. Mwizi akichokora, betri inakatika, ufunguo unapotea, mchezo unakufa palepale. Betri ikizeeka yenyewe, mwenye mashine anaituma bodi Japani, inarudi ikiwa hai. Mpango ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na tundu moja. Kampuni ilifilisika, milango ikafungwa, na betri zikaendelea kuzeeka. Tangu hapo bodi za Sazanuma zinakufa moja moja duniani kote, kwenye mabohari na kwenye vyumba vya watu, bila kuguswa na mtu.

Mzee mmoja aliyefanya kazi kule aliwahi kunijibu barua. Nilimwuliza kwa nini walifanya hivyo. Aliandika mstari mmoja tu: "Tulidhani tutakuwepo."

Alasiri, Khuwair. Nassor alinitoa uwanja wa ndege kwa gari lenye baridi ya kuua, na nilipofungua mlango kushuka, joto la Maskati likanikaba koo. Nyumba yao ni ya ghorofa moja, safi, na nilipoingia nikahisi kuna kitu kimepungua. Ilinichukua muda kujua. Haikuwa na harufu. Hapakuwa na udi, hapakuwa na waridi, hata sabuni haikunukia.

Bi Salma alinipokea mlangoni pa chumba chake, mama wa makamo ya juu, mwembamba, katika nguo isiyo na ua hata moja.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Utakula kwanza au utataka kumwona kwanza?"

Sikuipenda ile "kumwona." Nikasema nitaona kwanza.

Mashine ilisimama mkabala wa kitanda, kabati refu la mbao lililochubuka, kioo kikiwaka. Ndani ya kioo mtu mdogo mwenye taa alikuwa akitembea katika nyumba yenye vyumba vingi. Anafungua mlango, anaingia, chumba kinaangaza, anatoka, anafungua mwingine. Aliyemwendesha alicheza vizuri sana. Nikatazama nani anacheza. Kipini kilikuwa kimetulia na mbele yake hapakuwa na mtu.

Si ajabu, nikajiambia. Mashine za aina hii zikikosa mchezaji hujionyesha zenyewe ili kuita wateja. Lakini nilikuwa nimesoma uvumi kuhusu mchezo huu, na sasa niliuona kwa macho yangu: mashine hii huhifadhi mikono ya mchezaji aliyepata alama nyingi kuliko wote, kila alichobonyeza na kila alipositasita, na ndiyo inayoicheza tena na tena mpaka atokee wa kumshinda.

"Huyo Said," Bi Salma alisema. "Mume wangu."

Akanikalisha kitandani akanieleza. Said alikuwa na ukumbi wa gemu Hamriya, wakala wa Sazanuma. Mjapani mmoja alikuja na bodi hii kuijaribu kwa wiki moja. Siku ya mwisho Said aliicheza mwenyewe, akapata alama ambazo hakuna aliyezifikia. Mjapani akaiacha bodi, akasema atarudi kuichukua. Hakurudi. Ukumbi ulipofungwa Said akaileta mashine nyumbani, na toka siku hiyo haichezwi na mtu. Asubuhi akiiwasha baada ya sala, anakunywa kahawa akiitazama, na baada ya isha anaizima.

"Tazama hapa," akasema. Mtu wa taa alifika mbele ya mlango mmoja akasimama. Akasimama kwa kiasi cha kuvuta pumzi mbili. "Hapa nimeingia mie, na chupa ya chai. Kageuka kunitazama. Ndo maana kasimama. Kisha kafungua mlango, kaingia, kashinda." Akaninyooshea kidole. "Sasa tazama anavofanya siku hizi."

Yule mtu hakufungua mlango. Aligeuka, akarudi alikotoka, akapita vyumba vilivyokwisha kuangazwa, akaingia ujia usio na kitu na kusimama uso ukutani.

"Jana hakwenda hapo, alikwenda jikoni. Juzi alipanda ngazi akashuka, akapanda akashuka. Miaka yote hakufanya hivi. Tokea afe ndo kaanza. Nambie, mwanangu, wewe wazijua. Anatafuta nini?"

Niliogopa. Nasema kweli, ingawa jibu la kitaalamu nilikuwa nalo. Lilikuwa hivi: betri imechoka. Mashine ikiwashwa, kumbukumbu inalishwa na umeme wa ukutani. Ikizimwa, betri inabaki peke yake, na kila inapobaki peke yake inadondosha kidogo kidogo. Nikauliza kama siku za matanga iliwashwa.

"Siku tatu haikuwashwa. Nani angewasha?"

"Basi hapo ndipo ilipoanza kudondosha, Bi Salma. Isizimwe tena mpaka nibadilishe. Siku yoyote itadondosha ule ufunguo, na itakufa yote."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemheshimu daktari asiyemwamini.

Jumatano, Ghala. Nassor alinipeleka kwenye bohari la marhumu, katikati ya gereji, nikaone kama kuna vifaa vya kutoa. Alivuta mlango wa bati, na mwanga ukaingia hadi nusu ya bohari. Mashine za Sazanuma zilisimama safu kwa safu, zimefunikwa mashuka meupe. Nilianza kuzifunua. Nilipima betri ya kila moja, na mita ilisoma sifuri, sifuri, sifuri. Nikaomba tuwashe moja. Kioo kikajaa herufi zilizovunjika, zisizosogea, na sauti moja ndefu isiyokatika. Tukaizima haraka.

Nassor alikuwa akijifuta jasho. "Dada, nikwambie kitu. Chumba changu kimepakana na cha mama. Nasikia zile hatua za gemu, tik tik tik, milango ikifunguka. Nimeshazoea. Lakini siku hizi zikisita, namsikia mama akizungumza. Halafu ananyamaza, kama anapewa jawabu. Halafu anazungumza tena." Akafunga bohari. "Eda ikisha, namchukua akakae ghorofani na wanangu. Bodi nakupa wewe, ikiwa hai. Uende nayo."

Nilimshukuru kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nikirukaruka. Milango ingekuwa yangu. Ningeipeleka kwa wenzangu wanaojua kuchimba ufunguo kutoka kwenye bodi iliyo hai, na mchezo wa mwisho wa Sazanuma ungepona milele. Nilipofika tu nyumbani niliwaandikia. Walinijibu kwa pongezi hata kabla sijavua viatu.

Alhamisi asubuhi, Hamriya. Betri niliipata kwa muuza vifaa wa Kihindi, katika duka jembamba ambapo watu wawili hawapishani. Ukumbi wa Said ulikuwa mtaa huohuo, sasa ni duka la mapazia. Niliomba kuingia. Chini, kwenye sakafu ambayo haikubadilishwa, zilibaki alama za miguu ya mashine, mraba mmoja baada ya mwingine, na mraba mmoja uliokaa peke yake ukielekea mlangoni. Nilisimama juu yake. Mteja mmoja akaingia nyuma yangu nikageuka kumtazama, na nikatoka mle nikiwa nimesahau mwavuli wangu wa jua.

Alhamisi adhuhuri, Khuwair. Kubadilisha betri ya Sazanuma si kazi ngumu, ni kazi ya roho. Betri mpya inalehemiwa kwanza ubavuni mwa ile ya zamani ili kumbukumbu isikose mshikaji hata kufumba na kufumbua, ndipo ya zamani inatolewa. Mkono ukicheza, basi. Bi Salma alikaa nyuma yangu akisoma kwa sauti ya chini. Mkono wangu haukucheza. Nilipoiweka betri ya zamani kiganjani mwake nilisema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu anayejisifu, na usiku huo nilikula samaki wa changu na wali hadi nikaona haya.

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Mashine ilizimwa na kuwashwa, na haikudondosha kitu tena. Mtu wa taa alitembea, akaangaza vyumba, akafika kwenye mlango, akasimama pumzi mbili. Akageuka. Akarudi. Akaingia ule ujia, akaweka uso ukutani, akabaki hapo hadi muda ulipokwisha. Kisha akaanza upya. Mchana kutwa, kila baada ya dakika chache, ukuta uleule.

Jumatatu Bi Salma aliniita.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Nimezuia isipoteze zaidi, Bi Salma."

"Umezuia. Ehe." Alikuwa hajalala, macho yalionyesha. "Kwanza alikuwa akenda. Leo huku, kesho kule. Mie nnamwambia, si huko Said, mlango uko nyuma yako. Nikisema labda siku moja atapita. Sasa wewe umempigilia msumari ukutani."

Nilitaka kumweleza kwamba yule si Said, ni orodha ya mibonyezo iliyooza. Lakini kilichoniuma ni kwamba alisema kweli kuhusu kazi yangu. Nilikuwa na haraka ya kuiokoa bodi, sikujiuliza nafungia nini ndani yake.

"Hairudishiki alivyokuwa?" akauliza.

"Hairudishiki. Kilichodondoka hakipo popote. Labda mtu acheze amshinde, basi mashine itamsahau imshike huyo mwingine. Au betri itolewe, na mchezo wote ufe."

"Nitakujibu nikimaliza eda."

Siku zilizofuata nilikaa naye. Nilimsuka nywele, tulipika mikate ya kumimina, alinieleza habari za Unguja ya utoto wake. Hatukuzungumza habari za mashine, na mashine haikunyamaza. Tik tik tik, kimya cha pumzi mbili, kisha hatua za kurudi nyuma. Nilianza kuzihesabu bila kutaka. Siku moja nilijikuta jikoni nimesimama na kisu mkononi, nimekikaza, nikisubiri afungue mlango.

Siku ya kutoka eda, saa nne asubuhi. Wanawake wa ukoo walikuja mapema. Bi Salma akaogeshwa, akavishwa nguo ya zambarau, na udi ukafukizwa kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nyumba nzima ikabadilika uso. Nje gari lilikuwa linamsubiri, wanampeleka kaburini kisha Yiti kwa dada yake, akaone bahari. Yeye akanishika mkono, akanitia chumbani, akafunga mlango.

"Itoe," akasema.

Nikajua anasema nini nikajifanya sijui. Nikamwambia Nassor amenipa bodi, nitaichukua, haitamsumbua tena, ataisahau. Nikamwambia duniani haiko nyingine. Nikamweleza kuhusu mafundi watatu na hasira yao, kuhusu mzee aliyeniandikia, nikamwambia nikiitoa betri hii Sazanuma itakuwa imekwisha kabisa. Nilikuwa nabembeleza. Nikamwomba basi angalau niipige picha ikicheza.

"Andika," akasema. "Picha usipige." Kisha akasema polepole, bila ukali, "Mwanangu, mie nimekaa ndani miezi mine na siku kumi kwa ajili yake. Leo natoka. Yeye nimwache ndani?"

Nilichukua pasi ya kulehemu nikaisubiri ipate moto, na machozi yalinitoka nikiwa nimeinama ndani ya kabati, kwa hiyo hakuyaona. Niliondoa betri niliyoiweka mwenyewe. Mchezo haukukatika, maana umeme wa ukutani ulikuwa bado unaulisha. Nikamwambia, sasa ni plagi tu. Akainama akaishika, hakuivuta.

"Afike kwanza," akasema.

Tulisimama bega kwa bega. Mtu wa taa alianza. Aliangaza chumba cha kwanza, cha pili, akapanda ngazi. Nje honi ililia mara moja. Akafika mbele ya mlango akasimama. Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili. Nilikuwa nimeshafumba macho nisimwone akigeuka, kwa hiyo nilichosikia kwanza ni sauti, ile ambayo sikuwahi kuisikia tangu nifike: mlango ule ukifunguka.

Nilipotazama alikuwa ameshaingia. Chumba kilikuwa cheupe, na taa yake ikawa haionekani ndani ya weupe ule.

"Haya, Said," Bi Salma alisema, akavuta plagi.

Jumamosi, njiani kurudi. Maelezo ninayo. Nilipoondoa betri niligusa mguu wa chipu kwa pasi ya moto, joto likageuza kitu kimoja kidogo kati ya maelfu, na hicho ndicho kilichokuwa kimemgeuza njia. Inawezekana kabisa. Nimeyaandika maelezo hayo kwenye daftari, na mchana huwa nayaamini.

Bodi nilipewa, imekufa kama zile za Ghala. Mafundi wenzangu wamekasirika. Mmoja ameniandikia kwamba nimeua historia kwa mikono yangu. Sikumjibu, kwa sababu si uongo. Historia ya Sazanuma iliishia chumbani Khuwair, udi ukifuka, na waliokuwepo ni wanawake wawili. Hii niliyoandika ndiyo picha yake pekee.

Nilichojifunza nakitumia kibandani. Watu huniletea simu za marehemu wao, zina sauti, zina ujumbe, na zamani nilikuwa nazipokea kwa pupa, nazifungua, nazifufua, natoza changu. Sasa kabla sijagusa bisibisi nauliza: unataka nikishike kilichomo kisiende, au ulikuja tu kwa kuwa huwezi kukiacha kiende ukiwa peke yako? Wengi wananiona mwehu. Wachache huitazama ile simu mkononi, na mmoja, mama wa Chumbageni, alikaa nayo kwenye kigoda changu mpaka chaji ilipokwisha, akaniaga, akaenda zake.